Shajara ya mradi wa kusoma: roketi, roboti na vicheko

Kazi yenyewe

Mradi huu ni wa kusoma bunilizi ya sayansi inayodai kuchekesha, pamoja na vitabu vichache vya kuchekesha tu ambavyo ndivyo vilivyoizaa. Dai linalopimwa ni hili: katika vitabu vya aina hii mzaha hudumu pale chombo kilichobuniwa, kiwe mashine, roboti au njia ya kusafiri katika wakati, kinapofuata sharti lake mpaka mwisho bila kumhurumia mtu. Mwandishi akilikunja sharti ili apate kicheko, atakipata mara moja, kisha kitabu kizima kinalegea. Pale ambapo lolote laweza kutokea, hakuna tena cha kumshtua msomaji.

Vifaa ni penseli na kitabu. Pembeni mwa ukurasa zinawekwa alama tatu: S pale sharti la chombo linapotajwa mara ya kwanza, K penye kicheko, V pale sharti linapovunjwa. Kitabu kikiisha, kila K inafuatiliwa nyuma kutafuta S iliyoizaa. K isiyo na S ni utani wa kubandika; si dhambi, ila ukizidi kitabu kinakuwa mkusanyiko wa vichekesho vilivyovalishwa mavazi ya angani. Kwenye kisomeo cha kielektroniki, rangi tatu za kuangazia zinatosha. Kwa vitabu vya kusikiliza njia hii haifai: mpaka urudishe sauti nyuma kutafuta mahali, kicheko kimeshapoa.

Kiasi ni sura mbili tatu kwa kikao, basi. Vichekesho vikimezwa kwa mkupuo hukinaisha, na lawama humwangukia mwandishi wakati kosa ni la ratiba.

Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy
Hali: kimekwisha, pamoja na cha pili. Cha tatu kimewekwa kando.

Kitabu ni cha 1979, lakini kabla yake kulikuwa na mchezo wa redio ulioanza kurushwa na BBC Radio 4 Machi 1978. Hilo linaeleza mengi. Vipande ni vifupi, kila kimoja na mzaha wake, na katikati anaingia msimulizi kusoma kurasa za kitabu cha mwongozo wa wasafiri. Anayekisoma akisubiri msuko mzito atachoka mapema. Kisomwe kwa sauti, ikiwezekana na mtu wa pili wa kupokezana mazungumzo, na mapigo yake yatajitokeza yenyewe.

Mahali bora pa kuona ufundi wake ni mwanzoni kabisa. Nyumba ya Arthur Dent inabomolewa kupisha barabara, naye anaambiwa kwamba michoro ilikuwa imewekwa hadharani muda wote. Hadharani maana yake ni hii: ghorofa ya chini ya ardhi isiyo na taa wala ngazi, ndani ya choo kisichotumika, chini kabisa ya kabati la mafaili lililofungwa kwa ufunguo, na mlangoni tangazo la kutahadharisha kuhusu chui. Muda si mrefu Wavogoni, viumbe kutoka angani, wanafika kuibomoa Dunia nzima kupisha barabara ya angani, na jibu lao ni lile lile: michoro ilikuwa wazi kwa miaka 50 huko Alpha Centauri, mbona hamkuja kulalamika? Msomaji aliyewahi kuona X nyekundu imepakwa kwenye ukuta wa nyumba kando ya barabara hahitaji tanbihi. Sharti ni moja, la ofisi ya ardhi. Kilichobadilika ni ukubwa wa kiwanja.

Jibu la 42 nalo linasimama kwa sababu hiyo hiyo. Kompyuta inaulizwa jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu, inahesabu kwa miaka milioni 7.5, inatoa jibu sahihi. Mashine haina kosa hata kidogo. Kosa ni la waliouliza, kwani hawakuwahi kulijua swali lenyewe.

Kinacholegea ni injini inayoendeshwa kwa mambo yasiyowezekana. Hiyo ni V iliyovaa kanzu ya S. Mara ya kwanza inapendeza sana: makombora mawili yanageuka kuwa nyangumi na bakuli la maua, na nyangumi anapata muda wa kujitafakari, kuupa upepo jina na kuikaribisha ardhi kwa furaha kabla ya kuigonga. Lakini chombo kinachoweza kumwokoa yeyote kutoka popote humnyima mwandishi hatari yoyote ya kweli, na katika vitabu vinavyofuata Adams analazimika kukizunguka.

La kujua kabla ya kununua: kitabu cha kwanza hakina mwisho, kinakatika tu wahusika wakienda kula. Chukua na cha pili, cha 1980, uvisome kama kimoja. Cha tatu, cha 1982, kimejengwa juu ya kriketi, na asiyejua zile fito tatu zinazosimamishwa nyuma ya mpigaji atakosa nusu ya mzaha. Mkenya aliyefuatilia timu yake ikifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 ana nafuu. Cha tano, cha 1992, ni kichungu kuliko vyote. Kisiwe zawadi ya mgonjwa.

Jerome K. Jerome kwanza, Connie Willis baadaye
Hali: vyote viwili vimekwisha, kwa mpangilio huo.

Three Men in a Boat ni cha 1889 na hakina roketi. Kimeingia kwa kuwa To Say Nothing of the Dog cha Willis kimechota jina na mto wake humo. Ukivigeuza mpangilio, kitabu cha Willis kitaonekana kimejaa watu wanaopiga makasia bila sababu.

Cha Jerome kinasomeka mpaka leo kwa jambo moja: kila kisa kina utaratibu. Mjomba Podger anatundika picha ukutani. Anamtuma huyu msumari, yule nyundo, mwingine rula, mwingine ngazi. Anajikata kwa kioo, anatafuta kitambaa kilichomo ndani ya koti alilolivua, msumari unapotea, nyundo inapotea, na usiku wa manane picha inaning'inia upande huku ukuta umejaa matundu. Hakuna sentensi ya kuchekesha ukiitoa peke yake. Ni mfuatano. Sura ya 12 kuna kopo la nanasi na hakuna kifungulio, na wanaume watatu wanalishambulia kwa kisu, mkasi, jiwe na mlingoti mpaka linapondeka kwa namna ambayo jometri haijaipa jina. Kurasa za kurukwa bila dhamiri kusumbua ni zile za kusifia mandhari na historia ya wafalme kando ya Thames. Zinapoanza zinajulikana, kwa kuwa sentensi zinarefuka na vivumishi vinapanga foleni.

Willis, aliyepata tuzo ya Hugo, ya bunilizi ya sayansi, mwaka 1999 kwa kitabu hiki, anaweka S mbili nzito. Kwanza, wavu wa kusafiria katika wakati hauruhusu kitu chenye umuhimu kuletwa kutoka zamani. Pili, msafiri akikaribia tukio nyeti, wavu humtupa mbali kidogo, kwa saa au kwa maili, ili asiguse kitu. Juu ya hizo anaongeza ugonjwa wa kusafiri kupita kiasi, ambao dalili zake ni uchovu, kusikia maneno vibaya na kuona kila kitu kina ushairi. Ned Henry, mwaka 2057, ameshaugua. Anatumwa 1888 eti akapumzike, na kumbe amekabidhiwa kazi ambayo hakuisikia vizuri.

Kisha mtu anapita kwenye wavu akiwa na paka. Paka wa kawaida, aliyelowa maji. Wavu ulipaswa kumzuia, haukumzuia, na kurasa karibu 500 zinatokana na kuuliza kwa nini. Huo ndio ustadi: kinachoonekana kuwa V ukurasani kinageuka kuwa S ambayo hukuielewa. Katika mradi mzima hakuna kitabu kingine ambamo alama za penseli zilibidi kufutwa na kuandikwa upya.

Udhaifu upo. Katikati, nyumbani kwa matajiri wa enzi ya Malkia Victoria, mazungumzo yanazunguka na mtu mmoja anakatizwa kila anapotaka kusema jambo la maana. Willis anaupenda mno mchezo huu. Sura hizo zisomwe haraka, lakini zisirukwe, maana majina ya watumishi na tarehe za mnada wa hisani yatahitajika mbele. Penseli izungushe kila herufi ya kwanza ya jina la ukoo inayotajwa.

Stanisław Lem, The Cyberiad na The Star Diaries
Hali: hadithi moja kwa kikao, kwa makusudi. Inaendelea.

Huyu ndiye fundi wa sharti kuliko wote. Trurl na Klapaucius ni roboti wahandisi. Trurl anaunda mashine inayoweza kutengeneza chochote kinachoanza na herufi N. Klapaucius, kwa wivu, anakuja kuijaribu, na baada ya maagizo mawili matatu anaiagiza itengeneze utupu, ambao kwa Kipolandi na kwa Kiingereza pia unaanza na N. Mashine inasimama. Klapaucius anacheka: haifanyi kitu. Mashine inamjibu kwamba ingekaa tu isingekuwa imetengeneza utupu. Ingekuwa haikutengeneza chochote. Halafu inaanza kuviondoa vitu duniani kimoja kimoja.

Hapo mzaha ulikuwa umeshakamilika, na mwandishi wa kawaida angeishia hapo. Lem anaongeza hatua. Klapaucius anaogopa, anapiga kelele isimame, inasimama. Sawa, sasa rudisha vilivyopotea. Haiwezi. Inaweza kurudisha vinavyoanza na N tu. S ya sentensi ya kwanza imerudi kudai deni, na ulimwengu unabaki na matundu mpaka leo. Kama kuna hadithi ya kumsomea mtu asiyeamini kwamba bunilizi ya sayansi inaweza kuchekesha, ni hii. Inakwisha kwa kikombe kimoja cha chai.

Safari ya saba ya Ijon Tichy, msafiri wa anga, ndani ya The Star Diaries, ni somo la kihandisi. Usukani wa roketi umeharibika. Kuutengeneza kunahitaji watu wawili, mmoja azuie bolti na mwingine akaze nati, na Tichy yuko peke yake. Roketi inaingia kwenye mikondo inayokunja wakati, na ghafla Tichy wa Jumatatu anakutana na Tichy wa Jumanne. Tatizo limekwisha? Hata. Wanagombana. Anayeamshwa hataki kuamka, mwenye vazi la angani hataki kulitoa, na kila mmoja anakumbuka kwamba jana alitendewa vibaya na yule wa kesho. Wanaongezeka mpaka wanaitisha mkutano, wanachagua mwenyekiti, wanaunda kamati. Wanaotengeneza usukani hatimaye ni wavulana wawili, yeye mwenyewe alipokuwa mtoto, huku wazee wakijadili agenda. Hakuna V hata moja. Ukichora mistari ya nani aliamshwa na nani, inafunga. Chukua karatasi, safu wima moja kwa kila siku ya juma, na uchore.

Hatari ya Lem ni kuzidisha. Baadhi ya hadithi za The Cyberiad zina hadithi ndani ya hadithi ndani ya nyingine, na orodha za maneno ya kubuni zinazoenda nusu ukurasa. Kwa Kiingereza, tafsiri ya Michael Kandel ya 1974 ndiyo ya kutafuta, na isomwe mtu akiwa hajachoka.

Andy Weir, The Martian
Hali: kimekwisha. Hesabu zimerudiwa.

Mwandishi alikitoa kipande kwa kipande kwenye tovuti yake, akakiuza mwaka 2011 kama kitabu cha kielektroniki kwa senti 99 za Marekani, na mchapishaji mkubwa akakichukua kufikia 2014. Mwenendo huo unaonekana: kila kipande kinaleta tatizo, hesabu, suluhisho, na kitu kinacholipuka.

Mwanaanga Mark Watney ameachwa Mirihi. Ana viazi, anahitaji maji. Anachukua haidrazini iliyobaki kwenye mafuta ya roketi, anaipitisha juu ya kichocheo cha iridiamu, inavunjika kuwa naitrojeni na haidrojeni, kisha anaichoma haidrojeni kwa oksijeni. Hesabu inakubali: gramu 32 za haidrazini hutoa gramu 4 za haidrojeni, nazo zikiungana na gramu 32 za oksijeni zinatoa gramu 36 za maji. Yaani kilo moja ya sumu kwa kilo moja na kidogo ya maji. Mlipuko unaomtupa ukutani nao una sababu safi: alivaa barakoa ya oksijeni, na oksijeni aliyoitoa kwa pumzi ikaongezeka chumbani bila kuingia kwenye hesabu yake. K yenye S ya kutosha.

V kubwa iko ukurasa wa mwanzo. Dhoruba ya kilomita 175 kwa saa inatishia kuangusha roketi. Lakini hewa ya Mirihi ina msongamano wa takriban sehemu moja kwa sitini ya hewa yetu, na msukumo wa upepo hufuata msongamano mara kasi kwa kipeo cha pili. Gawanya 175 kwa kipeuo cha pili cha sitini, yaani karibu 7.8, na unapata upepo unaosukuma kama ule wa kilomita 22 kwa saa hapa kwetu. Unapepea bendera, hauangushi roketi. Weir amekiri hadharani kwamba alilijua hilo. Hukumu ya mradi ni kwamba V ya mlangoni inasameheka, kwa kuwa bila hiyo hakuna hadithi. Ya sura ya ishirini haisameheki. Kuhusu udongo, chombo cha Phoenix kilichotua Mirihi kilikuta chumvi za pakloreti mwaka 2008, nazo ni sumu. Watney angepaswa kuosha udongo kwanza, na maji ya kuoshea ndiyo hayo anayoyatafuta. Kingekuwa kisa kizuri, hakikuandikwa.

Utani wenyewe wa Watney unachosha kidogo. Malalamiko juu ya muziki wa disko wa kamanda wake yanarudiwa mno. Bora ni pale anapochoka kuandika "kilowati-saa kwa siku ya Mirihi" na kukipa kipimo hicho jina la maharamia na maninja, kisha anaendelea kukitumia kwa uso mkavu ndani ya hesabu halisi.

John Scalzi, Redshirts
Hali: kimekwisha. Hakirudiwi.

Mabaharia wa ngazi ya chini katika meli ya anga wanagundua kwamba kila msafara wa kwenda sayarini unaua mmoja wao, na si afisa kamwe. S ni safi, theluthi ya kwanza inakimbia. Kilipata Hugo mwaka 2013. Sababu ya vifo ikishajulikana, hata hivyo, kitabu kinabaki na wazo bila mashine. Nyongeza tatu za mwishoni, moja kwa nafsi ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, zina uzito kuliko riwaya yenyewe. Kisisikilizwe: kila mstari wa mazungumzo unafuatwa na "alisema", jicho hulipita neno hilo lakini sikio halilipiti.

Rafu ya Kiswahili
Hali: Kusadikika kimerudiwa, Walenisi kimekwisha.

Shaaban Robert hakuandika bunilizi ya sayansi, lakini Kusadikika, cha 1951, kinaanza na S ambayo Lem angeipigania: nchi inaelea angani, na mipaka yake ni pepo, matlai upande huu, kusi na kaskazi kule. Halafu sharti hilo linaachwa karibu kitabu kizima. Hatuambiwi maji yanatoka wapi, wala mpaka unahama vipi upepo ukigeuka. Ucheshi wake uko mahakamani: Karama, mshtakiwa, anajitetea mbele ya waziri Majivuno kwa kusimulia habari za wajumbe sita, kila mmoja akienda upande wake kutafuta neema na kurudi kutiwa kifungoni. Marudio ndiyo mashine. Ufikapo mjumbe wa nne unajua fika kitakachomkuta, na bado hotuba ya kumhukumu inachekesha kwa jinsi ilivyo na adabu. Somo la shuleni limekitwisha kitabu hiki mzigo wa dhamira na maudhui mpaka watu wamesahau kwamba kina kejeli. Kisomwe upya bila mwongozo wa mitihani.

Katama Mkangi, mwanasosholojia, alitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa, anatiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kumuua, anakimudu na kutua kwenye nchi ya watu walio sawa. Kurasa za chomboni ni nzuri mno: hofu, vitufe, mtu anayejifunza kuendesha kifo chake. Akishatua, wenyeji wanaanza kueleza, na wanaeleza sana. Hii ni kasoro ya nchi bora zote katika fasihi: ambapo kila kitu kinakwenda sawa hakuna kinachokwama, na kisichokwama hakichekeshi. Msomaji wa mradi huu asimame kila panapoanza hotuba, ajiulize ni kipi hapa kingeweza kuharibika.

Martha Wells, All Systems Red na wenzake
Hali: cha kwanza kimekwisha, vilivyobaki vimeagizwa.

Roboti mlinzi amevunja kidhibiti chake mwenyewe. Angeweza kuua kila mtu. Badala yake anataka kuachwa aangalie tamthilia zake. S mbili, anaogopa kutazamwa usoni na analazimika kuwalinda watu, zinagongana kila ukurasa, na kicheko kinatoka humo bila mtu kutoa utani. Ni kifupi, kurasa 150 hivi, cha 2017, na kilibeba tuzo za Hugo na Nebula.

Mpangilio wa kusoma usifuate miaka ya kutoka. Baada ya hiki zinafuata Artificial Condition, Rogue Protocol na Exit Strategy, zote za 2018. Kisha rukia Fugitive Telemetry, ingawa ni ya 2021, kwa sababu matukio yake yanatangulia. Ndipo Network Effect ya 2020, riwaya ndefu, na System Collapse ya 2023 mara baada yake bila kuweka kitabu kingine katikati, kwani inaanzia pale pale mwenzake alipoachia na haikumbushi jina la mtu yeyote.